Kabla ya Kisu Kugusa Ngozi

Wiki hii nimeulizwa tena lile swali, safari hii na kijana aliyemleta baba yake hapa Moshi kuwekewa vyuma vya mguu baada ya ajali ya bodaboda. Mzee alikuwa amechomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo alisikia kila neno lililosemwa mezani. "Sista, baba anasema mlianza kuulizana yeye ni nani na anapasuliwa mguu upi. Ina maana mlikuwa hamjui?" Ndugu wa mgonjwa akiniuliza hivyo namwelewa, na namweleza kwa utulivu. Kinachonichosha ni kuusikia mtazamo uleule kwa watu wa fani: kwamba anayesimama kuuliza ni yule asiye na uhakika, na kwamba bingwa wa kweli hunawa, hushika kisu na kuanza.

Tulijua. Tulisimama hata hivyo, na tutasimama kwa anayefuata.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, yenye vipengele 19 katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Cha kwanza na cha mwisho havina ubishi mkubwa. Hakuna anayepinga kupima oksijeni au kuhesabu gozi, yaani vitambaa vya kufyonza damu, na sindano. Maneno huanza kwenye kituo cha katikati, pale daktari amekwisha kuvaa glavu, mgonjwa amefunikwa shuka hadi kimebaki kipande cha ngozi kilichopakwa ayodini, na muuguzi anayezunguka anasema kwa sauti: tusimame. Kila mmoja anataja jina lake na kazi yake. Tunamtaja mgonjwa, upasuaji wenyewe na mahali pa kuchana. Tunauliza kama antibayotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita, na ni hapo ambapo mara nyingine hugundulika kwamba seftriaksoni imeyeyushwa na kuvutwa kwenye bomba la sindano, lakini bomba lenyewe bado limelala kwenye trei.

Suala la jina nalo si dogo kama linavyoonekana. Katika wodi moja ya Kilimanjaro unaweza kuwakuta akina Massawe watatu na akina Mushi wawili, umri unakaribiana, na wote wamelazwa kwa henia. Bibi aliyetoka Rombo, ambaye amelelewa kumheshimu mwenye koti jeupe, ukimwuliza, "Bibi, wewe ndiye Mama Massawe?" anaweza kukuitikia "Ee, mwanangu" hata kama siye, kwa kuwa kwake kumkatalia daktari ni utovu wa adabu. Ndiyo maana nawasisitizia vijana wasimpe mgonjwa jina la kuitikia. Mwamkie, kisha mwulize: "Bibi, unaitwa nani? Umekuja kutibiwa wapi?" Halafu nyamaza, umpe nafasi ya kunyosha kidole. Mahali alipopaonyesha patiwe alama ya kalamu ambayo itaendelea kuonekana baada ya shuka kutandikwa, kwa sababu mgonjwa akishageuzwa kifudifudi, kushoto na kulia huwachanganya hata wenye uzoefu.

Sasa nifikie linaloniudhi kuliko yote. Nimeona fomu ambayo vema zake zote zimepigwa kwa wino mmoja na mkono mmoja, zimeinama upande mmoja kwa haraka ileile, ilhali mgonjwa bado yuko kwenye machela koridoni. Fomu ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na fomu, kwa sababu inamhakikishia atakayeisoma jambo ambalo halikufanyika. Mambo yenye uzito katika kituo kile hayajibiwi kwa vema. Daktari anaulizwa ni hatua gani inayomtia wasiwasi na anatarajia damu kiasi gani ipotee. Ikiwa kwa mtu mzima inaweza kuzidi mililita 500, tunachohitaji kusikia ni kama uniti za damu zimepimwa na kuoana na damu ya mgonjwa, ziko wapi, na nani atazifuata. Mtoa usingizi anaulizwa anamhofia nini mgonjwa huyu, si wagonjwa kwa ujumla. Kutaja majina nako, ambako wakubwa wengi hukuona kama mchezo wa watoto, kuna kazi yake: kwa niliyoyaona, muuguzi mgeni ambaye sauti yake imeshasikika chumbani ni mwepesi zaidi kusema "Daktari, subiri kidogo" kuliko yule ambaye hajafungua kinywa tangu asubuhi.

Watetezi wa orodha hupenda kutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika katika hospitali nane za miji nane duniani, mmojawapo Ifakara yetu, ambapo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wachache hutaja ule wa mwaka 2014 kutoka Ontario, Kanada, katika hospitali 101, ambao haukuona tofauti ya maana baada ya orodha kuanza kutumika. Mimi nautaja kila ninapofundisha, na kwa ajili yake nasita kusema kwamba karatasi inaokoa maisha. Nadhani agizo la kujaza fomu na chumba kilichosimama kweli ni vitu viwili ambavyo takwimu haziwezi kuvitenganisha kwa urahisi, ingawa nakiri kwamba maelezo hayo yananifaa mno mimi ninayeipenda orodha.

Kuna pia dharura. Kwa mama ambaye mfuko wa uzazi umepasuka, kusoma kila kipengele ni kumchelewesha; hapo mimi huuliza mambo matatu tu huku tumbo likipakwa dawa: huyu ni nani, tunafanya nini, na damu iko wapi. Baadhi ya wenzangu ninaowaheshimu wanaona hata hayo matatu yamezidi, na siwezi kuwabishia kwa yakini. Ninachokataa ni jinsi neno dharura linavyotanuliwa, mpaka mfupa uliovunjika Jumatatu unaitwa dharura Alhamisi jioni kwa sababu gari la wafanyakazi linaondoka saa kumi na mbili. Kwa mgonjwa kama huyo nasoma kipengele kwa kipengele, na jina la daktari mkuu ndilo ninaloliomba kwanza.