Muuaji wa mfululizo akiwa mwanamke, tafuta waliokufa nyumbani kwake

Swali ninaloulizwa na karibu kila darasa la upelelezi ninalolifundisha ni hili: kwani wanawake nao huua kwa mfululizo? Huua. Ni wachache kuliko wanaume, hilo halina ubishi. Mimi huwarudisha wanafunzi kwa marehemu: alikuwa nani kwa muuaji?

Tazama Afrika Kusini. Moses Sithole, katikati ya miaka ya 1990, aliwahadaa kwa ahadi ya kazi wanawake asiokuwa na uhusiano nao wowote, akawabaka na kuwanyonga. Mwaka 1997 alitiwa hatiani kwa mauaji 38, akahukumiwa kifungo cha miaka 2,410. Maiti zilikutwa porini, kwa hiyo polisi walijua mapema kwamba kuna mtu anaua, ila hawakujua ni nani. Kwa Rosemary Ndlovu, ambaye mwenyewe alikuwa polisi, mambo yalikuwa kinyume: waliokufa ni mpenzi wake na ndugu zake watano, kati ya 2012 na 2018, na fedha za bima alikuwa akilipwa yeye. Kila msiba ulizikwa kivyake, bila vifo hivyo kuunganishwa. Mwaka 2021 alihukumiwa vifungo sita vya maisha.

Huko huko, Johannesburg, mwaka 1932 alishtakiwa kwa mauaji Daisy de Melker, aliyesomea uuguzi. Waume zake wawili walikuwa wameshazikwa miaka mingi bila mtu kushtuka. Mwanawe Rhodes, kijana wa miaka 20, alikufa baada ya kunywa kahawa aliyofungiwa na mama yake kwenye chupa. Mwenzake kazini alionja kidogo, akaugua, akapona, na sumu ya aseniki ikakutwa kwenye nywele na kucha zake. Kisha mwenye duka la dawa akaona picha gazetini, akamkumbuka mama aliyenunua sumu ile akidai ni ya kumuulia paka mgonjwa. Alinyongwa Desemba 30, 1932.

Hata hivyo, wanaosema sumu ni silaha ya kike huwa nawakatiza. Harold Shipman, daktari wa Hyde, Uingereza, aliwadunga wagonjwa wake dozi kubwa za diamofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Tume ya uchunguzi ilihesabu waliouawa 215, wengi wao wakiwa bibi wazee. Vyeti vingi vya kifo alivijaza mwenyewe. Kwa maoni yangu, kinachoamua zaidi ni nani amekabidhiwa chakula, dawa na usingizi wa mwingine, na majumbani kazi hizo huachiwa wanawake.

Aileen Wuornos, kwa upande wake, aliwapiga risasi wanaume saba Florida mwaka 1989 na 1990. Baadhi ya vyombo vya habari vikamwita mwanamke wa kwanza muuaji wa mfululizo, ilhali Daisy alikuwa ameshanyongwa zaidi ya nusu karne. Watu walimtambua haraka kuwa muuaji wa mfululizo kwa sababu aliua kama walivyozoea kuona wanaume wakiua: barabarani, kwa bunduki, maiti zikiachwa nje.