Buti za Kilimanjaro: namba kubwa haikuokoi na malengelenge

Kila Desemba 9 inapokaribia, vikundi vya Watanzania wanaokwenda kusherehekea Uhuru kileleni hufika Moshi kukodi buti. Kila kundi halikosi mjuaji aliyekwisha kuwahubiria wenzake: "Unavaa saba? Chukua tisa. Mlimani miguu inavimba." Tuanze na huyu, maana ndiye anayewamaliza wengi.

"Chukua buti iliyozidi namba mbili, hutapata malengelenge"

Kubanwa kunaumiza, lakini lengelenge lina chanzo chake. Kila unapokanyaga, mfupa wa kisigino unasogea ndani, huku ngozi ya juu imeng'ang'aniwa na soksi yenye jasho. Tabaka za ngozi zikivutana hivyo mara elfu kadhaa zinaachana, na nafasi iliyobaki katikati inajaa maji. Unyevu na joto vinaharakisha kazi, lakini mwenye kuianza ni mguu unaocheza ndani ya kiatu. Sasa niambie, buti kubwa inazuia nini hapo?

Tupige hesabu. Namba moja ya Kiingereza, hii tunayoulizia madukani, ni kama milimita 8 na nusu, kwa hiyo namba mbili ni 17. Kiatu cha mjini kinachokutosha vizuri huwa tayari kina kama sentimita moja mbele ya vidole. Jumlisha: unatembea na zaidi ya sentimita mbili na nusu za hewa, na buti yenyewe imetanuka kisiginoni na juu ya mguu pia. Wakati wa kupanda, kisigino kinanyanyuka kila hatua. Kuteremka ndiko balaa zaidi. Anayeshukia njia ya Mweka hutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, akalala kambi ya Mweka kwenye mita 3,100 hivi siku hiyohiyo. Muda wote huo mguu unateleza mbele kama droo isiyo na kishikizo, vidole vinagonga ncha ya buti, na kucha ya kidole gumba inageuka nyeusi. Halafu mtu huyohuyo anarudi kulalamika kwamba buti ilikuwa *ndogo*, na safari ijayo anataka kumi!

Uvimbe upo, hilo halina ubishi. Dawa yake ni kujaribu buti jioni, baada ya kushinda umesimama, na kuongeza nusu namba, au namba moja, isizidi hapo. Usiangalie namba iliyoandikwa, kwani saba ya kampuni hii si saba ya kampuni ile. Jaribu hivi:

Vaa soksi zilezile utakazopandia. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ncha, kisha ingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kimoja kikipita bila kulazimisha, urefu ni sawa. Viwili vikipita, rudisha buti. Baada ya hapo gonga kisigino sakafuni ili mguu ukae nyuma, funga kamba, panda ngazi. Kisigino kikinyanyuka milimita chache, sawa. Kikinyanyuka mpaka unausikia msuguano, si buti yako. Shuka ngazi zilezile ukikanyaga kwa nguvu, vidole visiguse mbele. Mwisho chomoa soli ya ndani uisimamie ukiwa na soksi: nyama ya mguu ikimwagika nje ya kingo, buti ni nyembamba kwako, na kuongeza namba kutakupa urefu usiouhitaji. Tafuta aina nyingine iliyo pana zaidi.

Urefu ukiwa sawa na kisigino bado kinacheza, tatizo ni kamba. Wengi hukaza mbele kwenye vidole na kuacha juu ikiwa legelege, yaani kinyume kabisa. Legeza mbele. Pale mguu unapokunjia, zungusha kamba moja juu ya nyingine mara mbili badala ya mara moja, vuta mpaka zijishike, ndipo uendelee na ndoano za juu. Fundo hilo linakishika kisigino nyuma bila kuviminya vidole. Na kabla ya kuanza kuteremka, inama ufunge upya. Dakika mbili tu. Sielewi kwa nini watu wanaogopa kuinama.

"Vaa soksi tatu, kule kuna baridi"

Soksi tatu ndani ya buti ileile zinabana damu, na mguu usiopata damu ndio unaoganda usiku wa kuelekea kileleni. Vaa soksi moja nyembamba laini inayogusa ngozi na moja ya sufu juu yake, basi. Za pamba ziache nyumbani: zinanywa jasho, zinalikalia, na ngozi iliyolowa inachubuka upesi.

"Buti ya mtumba ya jina kubwa haifi"

Inakufa, tena ikiwa imetulia kabatini. Buti nyingi za mlima zina sponji ya polyurethane kati ya soli ya chini na ngozi. Unyevu wa hewani unaivunja sponji hiyo polepole hata kama buti haijawahi kuvaliwa, na mara nyingi baada ya miaka mitano hadi kumi inaanza kumeguka. Ngozi inang'aa, meno ya soli ni mapya, bei ni ya kutupa, halafu siku ya pili njiani soli inabanduka yote.

Kabla ya kulipa, kunja buti kwa nguvu na utazame ubavu wa sponji. Ukiona nyufa ndogondogo, iache. Bonyeza kwa ukucha: sponji nzima inarudi, iliyooza inabaki na alama au inatoa unga. Tazama pia lebo ya ndani ya ulimi, baadhi ya kampuni huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Fundi akikwambia atapaka gundi, mshukuru tu, maana gundi haishiki kitu kilichogeuka unga.

"Buti isiyopitisha maji, mguu mkavu"

Utando uliowekwa ndani ya buti hizo unazuia mvua, lakini jasho nalo linatoka kwa shida. Na maji mengi huingilia juu, kwenye mdomo wa buti. Siku ya kwanza kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara unapita msitu wa mvua, kwa hiyo funga kile kitambaa cha kuziba kuanzia chini ya goti hadi juu ya buti, na ubadilishe soksi mchana. Buti ikilowa, ijaze magazeti na uyabadilishe yakilowa. Usiiweke karibu na moto: ngozi inakakamaa na gundi inaachia.

"Mpya zitazoea njiani"

Zitakazozoea ni buti, miguu yako haitakuwepo kushangilia. Zivae wiki tatu au nne kabla, kwanza nyumbani, kisha kwenye mteremko ukiwa na begi. Zikikuuma dukani, mlima hautazirekebisha.

"Wagumu wanapanda na raba, buti za nini?"

Wapagazi wengi wanavaa raba kwa sababu hawakupata buti, si kwa sababu raba ni bora. Muulize mmoja wao kama angekataa buti inayomtosha.

"Paka mafuta ya mgando, utateleza tu"

Kwa kama saa moja, kweli. Baadaye mafuta yanalainisha ngozi na msuguano unarudi mkubwa kuliko mwanzo. Plasta ni bora. Mwaka 2016 watafiti wa Stanford walichapisha jaribio la wakimbiaji wa mbio za kilomita 250: plasta ya karatasi, ile ya bei rahisi ya hospitalini, ilipunguza malengelenge kwa asilimia 40 hivi. Ibandike asubuhi kwenye ngozi kavu, isiwe na mikunjo.

Ukisikia mahali panachoma njiani, simama hapohapo, usingoje kambi. Lengelenge dogo liache. Kubwa lililo chini ya uzito, mwenye afya njema anaweza kulitoboa pembeni kwa sindano iliyochemshwa, akakamua maji na kuacha ngozi ya juu mahali pake. Mwenye kisukari asiliguse, amwone mhudumu wa afya. Plasta ikate pembe ziwe za mviringo ili soksi isiibandue, na usiku usiivute kwa nguvu, maana itaondoka na ngozi uliyokuwa unailinda.