Miezi minane kwa fimbo moja ya pool

Fimbo ya kwanza ya pool niliyochonga ilinichukua wiki mbili tu. Ilikuwa mwezi wa tatu, nikaikereza, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini kama kioo, nikaiviringisha mezani ikaenda bila kuyumba, nikamkabidhi mwenyewe akaondoka anafurahi. Mwezi wa tano, masika yamekolea, akairudisha. Shafti, ile nusu ya mbele ya fimbo, imepinda, ukiiweka jichoni kama unalenga manati unaona kabisa katikati imekimbilia kulia karibu nusu sentimita. Nikamrudishia hela yake yote. Niliumia sana, maana kukereza ndo kazi yangu, natengeneza matendegu ya vitanda na nguzo za ngazi hapa Keko mwaka wa 14 huu na sijawahi kurudishiwa tendegu hata moja.

Ndo nikaenda kwa Mzee. Huyu mzee alikaa miaka mingi akichonga na kurekebisha fimbo za snuka za klabu moja hapa mjini, sasa amestaafu, karakana yake ni ukumbi wa nyuma wa nyumba yake na kamba imefungwa darini inaning'inia vijiti. Nikamwamkia, nikampa ile shafti. Hakuikazia macho hata sekunde tano.

"Ulikata mara ngapi?"

Nikamwambia mara moja tu Mzee, kutoka kwenye kipande cha inchi moja, moja kwa moja mpaka milimita 13.

"Basi mwanangu, huu mti ulitaka kupinda tangu siku ya kwanza. Ulitakiwa uuache upinde ukiwa bado mnene, ndo uunyooshe kwa kuukata."

Nilirudi na hiyo sentensi kichwani na kusema kweli kila kitu nilichojifunza baada ya hapo kinazunguka humo humo. Mti hata ukishakauka ndani yake kuna mivutano, upande huu unavuta kule na upande ule unavuta huku, na vinalingana. Ukikwangua nyama ya nje unaondoa sehemu ya hiyo mivutano, mlingano unavunjika, na mti unaanza kutafuta mkao mpya taratibu, siku kadhaa, wiki kadhaa. Ongeza na unyevu wa Dar, mbao zinavuta maji ya hewani kipindi cha masika na kuyatoa kiangazi. Tendegu la kitanda ni nene na fupi, likisogea nusu milimita hakuna anayejua. Shafti ina urefu wa inchi 29 na ncha nyembamba kama kidole, hiyo nusu milimita mchezaji anaiona kwenye mpira wa kona.

Tuanze na mti wenyewe. Shafti za pool nyingi duniani ni mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na za snuka wengi wanapenda eshi, mti mwingine wa nchi za baridi. Watu wananiuliza kwa nini nisitumie mbao zetu kote. Nimejaribu, na mbao zetu nyingi nzuri nyuzi zake zimepishana, zinaenda huku zinarudi, inapendeza sana kwenye meza ila kwenye shafti nyembamba inakuwa na pande mbili zenye tabia tofauti. Mepo ngumu ina nyuzi zilizokaa pamoja, ina uzito wa wastani, na inarudi haraka ikigonga. Binamu yangu aliniletea vipande sita kutoka Toronto. Mzee akavishika kimoja kimoja, akakidondosha kwa kichwa kwenye sakafu ya sementi kutoka kama urefu wa kiganja, anasikiliza. Kinacholia juu, tiing, anaweka kulia. Kinacholia tup anaweka kushoto. Halafu akachukua wino wa mhuri, akatia tone moja ubavuni mwa kila kipande, akaniambia kaa uangalie. Wino ukaanza kutambaa kufuata nyuzi. Kwenye vipande vitano mstari ulienda sambamba na ukingo wa mbao. Kwenye kimoja, ambacho kwa macho yangu kilikuwa kizuri kuliko vyote, cheupe, hakina doa, mstari ulienda mshazari ukatoka nje ya ukingo kabla ya kufika urefu wa kidole. Maana yake nyuzi zinakatika njiani hazifiki ncha mpaka ncha. Hicho akanipa nikatengenezee mpini wa patasi.

Sasa ukataji. Vipande nilivikereza kwanza vikawa duara la milimita 25 kisha nikavitundika wima kwa uzi, kila kimoja kimeandikwa namba kwa penseli. Wima, sio kuegemeza ukutani. Kila Jumamosi napima uzito kwa mizani ya jikoni na kuandika, uzito ukiacha kupanda na kushuka ndo unajua mti umetulia na hewa ya pale ndani. Baada ya wiki nne naurudisha kwenye mashine, natoboa vitundu vya katikati upya, natoa milimita moja na nusu tu, natundika tena. Hapo kwenye kutoboa katikati upya ndo siri yenyewe: kama mti umepinda, unatafuta katikati mpya ya huo mti uliopinda, halafu kisu kinakula zaidi upande uliovimba na kidogo upande wa pili, unatoka umenyooka bila kulazimishwa. Ukiunyoosha kwa moto au kwa kuukunja kwa mikono, wengi wanafanya hivyo, utarudi ulikotoka. Duru ya kwanza ya kukata ilikuwa mwezi wa sita, duru ya mwisho mwezi wa kwanza. Duru za mwisho natoa nusu milimita, na kisu hakigusi mti kwa ubapa, natumia ruta, mashine ndogo ya kisu kinachozunguka, inayotembea kwenye reli, kwa sababu patasi ya mkono inausukuma mti mwembamba nao unatetemeka na kuacha mawimbi ambayo msasa hauyatoi, unayasikia kwenye vidole mchezo mzima.

Namba 2 ilipinda duru ya tatu, ikapinda tena ya nne, upande ule ule. Mimi nilitaka kuendelea nayo. Mzee akaitoa kwenye kamba akaikata vipande viwili mbele yangu, nikanyamaza.

Umbo nalo lina maneno. Fimbo za pool nyingi shafti yake haichongoki moja kwa moja, kutoka kwenye ncha inabaki unene ule ule wa milimita 13 kwa kama inchi 12 ndo inaanza kunenepa, ili ikiteleza kwenye daraja la vidole vyako uisikie ni ile ile. Fimbo za meza za mipira midogo ya milimita 51 zinachongoka mfululizo na ncha inakuwa nyembamba zaidi, kama milimita 8 au 9. Kwa hiyo kabla hujachonga muulize mtu anachezea meza gani, mimi siku hizi ndo swali la kwanza.

Kitako, ile nusu ya nyuma ya kushikia, nilitaka kiwe mpingo mtupu. Nimekulia Lindi, mpingo kwetu ni kama ndugu, nikajua nitatoa fimbo nyeusi tii toka kwenye jointi, pale nusu mbili zinapoungana, mpaka chini. Mzee hakunikatalia, akanipa karatasi akasema piga hesabu. Kitako cha inchi 29 chenye milimita 21 na nusu juu na 32 chini ni kama sentimita za ujazo 420. Mpingo una uzito wa kama gramu 1.25 kwa kila moja, unazama majini kama jiwe, kwa hiyo kitako peke yake ni zaidi ya gramu 520. Shafti gramu 120. Umeshavuka 640 hujaweka pini ya kuungia wala raba ya chini, wakati fimbo nzuri ya pool inacheza kati ya gramu 510 na 595. Hapo unatengeneza rungu.

Tukakubaliana mbele mninga, nyuma mpingo. Na mninga ndo mti ambao nikikaa na mafundi wa nje kama ningepata nafasi ningewaambia waujaribu, kwa sababu hauvimbi na kusinyaa ovyo, ukishakauka umekauka, kuna milango ya mninga ya kizamani hapa mjini inafunga mpaka leo. Rangi yake ya asali iliyoungua karibu na mpingo mweusi, jamani.

Kuunganisha hiyo miti miwili ni kwa ndimi. Mpingo unapasuliwa unakuwa na ndimi nne ndefu zilizochongoka, mninga nao unapasuliwa kinyume chake, halafu unazisukuma ziingiliane kama vidole vya mikono miwili unavyovifumbata. Mkato wa kwanza ulinichukua siku nzima kuseti kiegemeo cha msumeno. Unazijaribisha kavu kwanza, unashika kwenye taa, ukiona mwanga unapita popote hujamaliza. Mpingo una mafuta, gundi inateleza, kwa hiyo dakika chache kabla ya kupaka gundi ya epoksi unaufuta kwa asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi. Kisha unaingiza, unazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ukiuvuta kwa nguvu zako zote toka chini mpaka juu, na gundi inatoka kwenye mistari kama jasho. Usiguse siku tatu. Na vaa barakoa wakati wa kukereza, vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, mimi macho yalivimba siku mbili.

Ukija kukereza utaona kama ulikosea. Ndimi zote nne zinatakiwa ziishie usawa mmoja, kama katikati yako iko pembeni hata milimita moja, ulimi mmoja utakuwa mrefu na wa upande wa pili mfupi. Zangu zilipishana milimita tatu. Mzee alinipa moyo kwa kunisimulia habari za George Balabushka, seremala aliyezaliwa Urusi akahamia Marekani, alianza kuchonga fimbo mwaka 1959 kule Brooklyn, za kwanza akawapa marafiki zawadi ya Krismasi, na leo fimbo zake ni kati ya zinazotafutwa zaidi duniani. Huyo kwa miaka mingi alikuwa ananunua vitako vilivyokwisha unganishwa ndimi na watu wengine, Burton Spain na Gus Szamboti, yeye anamalizia. Alichojulikana nacho ni jinsi vitu vyake vilivyokaa pamoja, jointi, mizani, mguso.

Jointi nitaipitia haraka maana bila mashine ya chuma utampelekea mtu. Pini yangu ni ya inchi 3/8 yenye nyuzi za skrubu 10 kwa inchi, na nyuzi za upande wa shafti zimekatwa kwenye mti wenyewe bila kikombe cha chuma. Uso wa shafti na uso wa kitako vikutane vyote kwa mara moja. Weka kikaratasi cha risiti katikati, funga, jaribu kukivuta kila upande, kikitoka upande mmoja rudi kwenye mashine.

Ncha. Kipete cheupe cha plastiki ngumu, halafu ngozi ya tabaka tabaka. Ngozi ikawa nene mno ikaanza kufumuka pembeni, nikafundishwa kuibana kwenye jiliwa usiku mzima kabla ya kuigandisha, inashindiliwa inakuwa ngumu. Juu iwe mviringo kama ukingo wa sarafu ndogo, ikiwa bapa ukipiga mpira pembeni itateleza. Shafti haipigwi vanishi nzito, inazibwa kidogo tu na kusuguliwa kwa kipande cha ngozi kavu kwa nguvu mpaka ipate joto mkononi. Kitako ndo kinapigwa vanishi.

Mizani ikasema gramu 556. Nikailaza kwenye kidole, ikatulia sentimita 45 na ushei kutoka chini, pale pale Mzee alipokuwa ameweka alama ya penseli kabla hatujaanza.

Ukimaliza usiiache kwenye gari lililopaki juani, gundi na mti vyote vitakusaliti, na ukitaka kujua kama imenyooka usiamini sana kuviringisha fimbo nzima mezani, viringisha shafti peke yake uangalie mwanga chini yake kama unafunguka na kufunga.

Fimbo hiyo imepita masika mawili sasa na mwenyewe ni yule yule aliyerudisha ya kwanza. Kwenye kamba yangu kwa sasa zimebaki namba 4, 5 na 6. Ya 5 imeanza kukimbilia kushoto kidogo, nimeiandika, naipa wiki nne nyingine kabla sijamwonesha Mzee.