Umeme wa leza na ioni: tuhesabu kwa uniti za LUKU

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanafunzi wa sekondari hapa Dodoma ni hili: kama Marekani walishawasha "jua la maabara", yaani kuunganisha viini vya atomi ili vitoe nishati kama jua linavyofanya, mbona sisi bado tunajenga mabwawa ya umeme?

Wanachokumbuka ni jaribio la Desemba 5, 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore, California. Miale 192 ya leza ilifikisha megajuli 2.05 kwenye shabaha, na shabaha ikatoa megajuli 3.15. Sasa, uniti moja ya LUKU, yaani kilowati-saa moja, ni megajuli 3.6. Nishati yote iliyotoka haikufika hata uniti moja, ilhali kuchaji mitambo ya leza kulikula kama megajuli 300 za umeme, sawa na uniti 83. Habari ile ilikuwa ya kweli kabisa, ila uniti 83 watu wengi hawakuzisikia. Aprili 2025 walipata megajuli 8.6: uniti mbili na ushee.

Shabaha yenyewe ni ndogo ajabu. Ni kidonge cha almasi chenye upana wa milimita 2 hivi, ndani kikiwa na tabaka la barafu ya deuteriamu na tritiamu, ambazo ni aina nzito za haidrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 250 na zaidi chini ya sifuri. Kidonge hukaa katikati ya kopo la dhahabu lenye urefu wa sentimita moja hivi. Leza huingilia matundu ya pande mbili na kupiga kuta za ndani za kopo, nazo kuta hutoa eksirei. Eksirei huchemsha ngozi ya kidonge, ngozi inalipuka kuelekea nje, na kilichobaki kinasukumwa ndani kwa kasi kubwa mno hadi joto lipite nyuzi milioni 100. Viini huungana kabla mchanganyiko haujapata muda wa kutawanyika. Urani si fueli humo, kwa hiyo tusichanganye jambo hili na utafutaji wa urani uliowahi kufanyika Bahi na Manyoni. Ile ni nishati ya kupasua viini.

Kiwanda cha umeme kingelazimika kupiga vidonge kama 10 kila sekunde. Leza za Livermore zikipigwa kwa mwendo huo zingedai megawati 3,000, na bwawa la Julius Nyerere likifanya kazi kwa uwezo wake wote linatoa 2,115. Hapo ndipo penye kazi. Leza zile huchochewa na taa za flashi ambazo nguvu yake nyingi hupotea kama joto, na vioo vyake huhitaji saa kadhaa kupoa. Leza mpya zinazochochewa kwa dayodi, yaani vifaa vidogo vinavyogeuza umeme kuwa mwanga, zinaweza kufikisha asilimia 10 au zaidi ya umeme wake kwenye mwale.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu husemwa kidogo kuliko inavyostahili, ni miale ya ioni nzito, yaani atomi nzito zenye chaji ya umeme, mfano za metali ya bismathi. Mashine za kuongeza kasi ya chembe zimezoea kupiga mara nyingi kwa sekunde, miaka nenda miaka rudi. Ikigeuza robo tu ya umeme wake kuwa mwale, megajuli 2 zingegharimu megajuli 8, yaani megawati 80 kwa mapigo 10 kwa sekunde. Tena ioni hulengwa kwa sumaku zenye uwazi katikati, hivyo hakuna kioo kinachokaa mkabala na mlipuko. Tatizo ni kwamba ioni zote zina chaji ya aina moja na husukumana. Kuzibana zifike pamoja ndani ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache, kwenye doa la milimita chache, ni kazi ngumu. Berkeley nchini Marekani na Darmstadt nchini Ujerumani wamefanya utafiti huo, lakini hakuna mwale wa ioni uliokwisha kuwasha kidonge.

Je, kiwanda cha aina hii kinaweza kulipuka kama bomu? Hapana. Kila kidonge kina chini ya gramu moja ya fueli, na mwale ukikatika kila kitu kinazimika. Mionzi ipo, hata hivyo: nyutroni, chembe zisizo na chaji zinazotoka viini vinapoungana, hubeba karibu asilimia 80 ya nishati na hufanya kuta za mtambo ziwe na mionzi. Tritiamu nayo hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo haiwezi kuwekwa akiba muda mrefu. Kiwanda kitalazimika kujitengenezea yake kutokana na lithiamu. Kwa hapa kwetu, vyanzo vya mionzi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.