Bendi za vyuo Marekani zinazochekesha haftaimu: mnavyodhani na ukweli wenyewe

Kuna klipu huwa zinazunguka kwenye magrupu, vijana wa chuo wamevaa makoti mekundu na vikofia vya ajabu, wanakimbia uwanjani haftaimu ya mpira wa Kimarekani (ule wa kubeba mkononi, sio soka) kama kuku waliofunguliwa banda, ghafla wanasimama wamechora umbo fulani, wanapiga wimbo mmoja, afu hao wanatawanyika tena. Na sisi tuliozoea matarumbeta ya harusini tunacheka, ila maelezo tunayopeana mengi ni ya uongo.

"Hawajui gwaride, ndo maana wanakimbia"

Hapana, kukimbia ndo mtindo wenyewe. Zile bendi kubwa kama Ohio State zinachapa hatua kama jeshi, hizi zenyewe (Stanford, Rice ya Houston, na nyingi za Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe vya kifahari kama Princeton, Brown, Yale) zimeamua kulikejeli gwaride. Yale wanajiita Yale Precision Marching Band, na hiyo precision maana yake ni usahihi usiokosea hata nukta, ambao wao hawana kabisa, jina lenyewe ni utani. Stanford walikuwa wanaandamana kistaarabu tu mpaka 1963, mkurugenzi wao akaondoka, wanafunzi wakagoma, akaja Arthur P. Barnes ambaye aliwaachia waendeshe bendi wenyewe, basi ndo mpaka leo. Na muziki wanaujua, msidanganyike na zile kofia.

"Wanajitungia palepale"

Hii ndo inanichekesha zaidi. Haftaimu ya mpira wa vyuo kule ni dakika 20, na mara nyingi kuna bendi mbili za kugawana, kwahiyo hakuna nafasi ya kubahatisha. Wanafunzi wanakaa wiki nzima wanaandika skripti, wanachimba habari za chuo mgeni, mji wake, kashfa zake, afu mmoja anaisoma kwenye spika huku wenzake wanachora maumbo na kupiga wimbo unaoendana na kichekesho. Na kwenye vyuo vingi skripti inapita kwanza kwa wakubwa wa idara ya michezo wenye kalamu nyekundu. Kwahiyo ukisikia kichekesho kimepoa usiwalaumu watoto haraka, huenda kile kikali kilikatwa Alhamisi.

"Ni utani tu, nani atakasirika?"

Weee. Mwaka 1973 bendi ya Rice iliwatania Texas A&M, chuo chenye mila za kijeshi na mbwa wao Reveille wanayemheshimu kama afande, mashabiki wakachachamaa mpaka bendi ikazingirwa uwanjani, ikabidi itolewe kwa malori ya chakula. 1990 Stanford wakaenda jimbo la Oregon kipindi ambacho watu wanagombana kuhusu kazi za kukata miti na bundi wa misitu hiyo anayelindwa na sheria, wao wakaifanyia vichekesho, matokeo yake wakapigwa marufuku kwenda huko. 1991 kiongozi wao akavaa kama mtawa wakati wanacheza na Notre Dame, chuo cha Wakatoliki ambacho timu yake inajiita Fighting Irish, yaani Waairishi wapiganaji, mkifikiri watajifunza, 1997 timu hizo zimekutana tena wakaitania njaa kubwa ya Ireland, ile ya kuoza kwa viazi iliyoua watu kama milioni moja. Hapo mimi nipo upande wa waliokasirika, utani una watani wake na msiba wa watu sio mmoja wao.

Chuo cha Virginia ndo walilipa bei kubwa. Desemba 2002 bendi yao ya vichekesho iliwachora watu wa jimbo jirani la West Virginia kama washamba, gavana wa jimbo hilo akaja juu anataka waombwe radhi, na mwaka uliofuata chuo kikapokea mchango wa dola milioni 1.5 kikaanzisha bendi ya gwaride la kawaida. Ile ya zamani ikapoteza nafasi yake uwanjani.

Stanford hao hao Januari 2016, kwenye mechi kubwa ya Rose Bowl na Iowa, chuo cha jimbo la wakulima, wakaleta ng'ombe na vijembe vya wakulima, uwanja ukawazomea na televisheni ikahamisha kamera. Timu ya Stanford ilishinda 45 kwa 16 lakini Iowa hasira yao kubwa ilikuwa kwa yule ng'ombe!

"Columbia walifungiwa kwa sababu ya vichekesho"

Sio hivyo. Kweli bendi ya Columbia (chuo cha New York) ilikuwa na ugomvi na chuo chake, ila bendi hiyo ya tangu 1904 ilijivunja yenyewe mwaka 2020, wanachama walipiga kura baada ya tuhuma za unyanyasaji wa kingono na ubaguzi ndani ya bendi.

"Ule mti ndo nembo ya Stanford"

Ule mti unaocheza kama umekunywa (ni mtu kavaa vazi la mti) ni wa bendi, ulianza 1975. Timu yenyewe inaitwa Cardinal, na hiyo ni rangi nyekundu, sio ndege wa jina hilo.

"Bendi ndo iliwafungisha Stanford 1982"

Kwanza haikuwa haftaimu, ilikuwa mwisho kabisa wa mechi na watani wao wa jadi Cal (Chuo cha California, Berkeley), Novemba 20. Zimebaki sekunde 4, Stanford wanaongoza 20 kwa 19, na wachezaji wao walishashangilia kupita kiasi wakaadhibiwa, ikabidi waanzishe mpira kutoka nyuma zaidi. Cal wakapasiana mara tano, bendi ikadhani mechi imeisha ikaingia uwanjani na matarumbeta yake. Sasa fikirieni, bendi imesimama njiani kwa Cal, yaani kama ni kuzuia walikuwa wanamzuia adui, ila Kevin Moen wa Cal akapenya katikati yao, akafunga, afu akamgonga mpiga tromboni Gary Tyrrell akaanguka naye. 25 kwa 20. Tyrrell aliinuka mzima, tromboni ndo ikapondeka, nayo imewekwa kwenye jumba la kumbukumbu la mpira wa vyuo vya Marekani.