Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Matiti: Maswali na Majibu Kuhusu Tiba Inayofuata

Maswali haya huulizwa mara kwa mara na wanawake waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, na pia na waume, dada na watoto wanaowasindikiza kliniki. Yamejibiwa kwa ajili ya mama ambaye kidonda chake kinakauka sasa na ambaye ameambiwa kuwa tiba haijaisha.

Uvimbe umetolewa wote. Je, sijapona?

Bado haiwezekani kusema hivyo. Upasuaji huondoa saratani inayoonekana na kushikika, lakini kabla ya siku hiyo chembe chache zinaweza kuwa zimekwishapita kwenye damu au kwenye tezi za kwapani na kutua katika mifupa, mapafu au ini, ambako ni ndogo mno kuonekana kwa picha na wala hazileti maumivu. Tiba ya baada ya upasuaji inazitafuta hizo. Kwa hiyo kidonda kilichofunga vizuri si ushahidi wa kupona, na kutosikia maumivu si ushahidi wa kupona.

Tiba zenyewe ni zipi?

Ziko nne hasa: tibakemikali, yaani dripu za dawa za saratani, mionzi, vidonge vinavyozuia homoni, ambavyo kinachojulikana zaidi ni tamoksifeni, na sindano ya trastuzumabu kwa saratani yenye protini ya HER2 kwa wingi. Si kila mgonjwa anahitaji zote.

Mbona mwenzangu alipewa vidonge tu, na mimi nimeandikiwa dripu?

Kwa sababu saratani zenu hazifanani, ingawa zote zimeota kwenye titi. Majibu ya kinyama, yaani kipande kilichotolewa wakati wa upasuaji na kupelekwa maabara, hueleza ukubwa wa uvimbe, ukali wake, kama kingo za sehemu iliyokatwa ni safi, ni tezi ngapi za kwapani zimeingiwa, na kama saratani ina vipokezi vya homoni (sehemu za chembe ambazo homoni hujishikiza na kuichochea ikue) au HER2. Mwenye uvimbe mdogo wenye vipokezi vya homoni na tezi safi anaweza kutibiwa kwa vidonge bila tibakemikali. Asiye na vipokezi hivyo hatafaidika na tamoksifeni, hata akipewa na jirani yake kwa nia njema. Aliyeondolewa uvimbe tu na kubakiziwa titi kwa kawaida huhitaji mionzi. Aliyeondolewa titi lote huihitaji hasa kama uvimbe ulizidi sentimita 5 au tezi 4 na zaidi zimeingiwa.

Ndiyo maana tunaomba, tena kwa msisitizo, usiondoke hospitali bila kujua majibu ya kinyama yatatoka lini na nani atayafuata. Majibu yaliyokaa kabatini hayamtibu mtu.

Nataka kupumzika nyumbani kwanza, nirudishe nguvu. Kuna ubaya?

Pumzika majuma machache ili kidonda kipone, si zaidi ya hapo. Tibakemikali ikihitajika, kwa kawaida huanza kati ya wiki 3 na 6 baada ya upasuaji. Zikipita siku 90 kabla ya kuanza, uwezekano wa kuishi hupungua. Usisubiri mavuno, usisubiri harusi ya mtoto, usisubiri hadi usikie maumivu. Saratani ya titi ikisharudi kwenye mifupa au mapafu, mara nyingi tunaweza kuituliza, lakini kuiponya kabisa huwa ni vigumu sana, na mgonjwa huyo huyo miezi kadhaa nyuma alikuwa na nafasi nzuri ya kupona.

Nimeshauriwa nijaribu mitishamba kwanza, ikishindikana nirudi.

Hapana. Ni kweli kwamba paklitakseli, mojawapo ya dawa tunazotumia kutibu saratani ya matiti, ilipatikana mwanzoni katika gome la mti. Lakini dawa hiyo ilichujwa, ikapimwa, na kipimo chake hukokotolewa kwa kila mgonjwa. Unga usiojulikana kilichomo hauna kipimo, na unaweza kuumiza ini ambalo tutalitegemea wakati wa dripu. Miezi inayopotea kwa majaribio hayo hairudi. Hapana, hata kama aliyekushauri ni mtu unayemheshimu.

Uamuzi ni wa nani?

Ni wako, mama. Tunaheshimu mume, wazazi na ukoo, na tunapenda mgonjwa aje na ndugu wa kumsaidia kusikiliza na kukumbuka; ila kikao cha familia kinachoahirishwa mara tatu huku mgonjwa mwenyewe hajaulizwa neno, hicho hatuwezi kukikubali. Muulize daktari: tiba hii itanipunguzia hatari kwa kiasi gani, itachukua muda gani, gharama zake ni zipi, na nisipoitumia itakuwaje?

Naogopa madhara yake.

Nywele hunyonyoka kwa dawa nyingi za dripu, na kwa kawaida huota tena. Kichefuchefu kina dawa. Jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, ni homa ya nyuzi 38 na zaidi katika kipindi cha dripu, kwa kuwa kinga huwa imeshuka. Tamoksifeni humezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Usishike mimba ukiitumia, na usiiache kwa kuwa unajisikia vizuri.

Nilifanyiwa upasuaji mwaka jana na sikurudi. Nije?

Njoo wiki hii. Dawa za homoni zinaweza kusaidia hata zikichelewa kuanza, na tiba nyingine zitaamuliwa baada ya vipimo vipya. Njoo na karatasi za upasuaji na majibu ya kinyama. Kama zimepotea, rudi hospitali ulikopasuliwa uulizie maabara, kwa sababu kinyama huhifadhiwa ndani ya nta na mara nyingi kinaweza kupimwa tena.