Bega, Sindano na Fomu Ambayo Haipo

Juzi kaingia ofisini mzee kutoka Tandahimba, mkono umening'inizwa kwa kitenge. Hata kiti hajakalia: "Wakili, naomba ile fomu ya fidia ya chanjo." Ni wa tano mwaka huu, na wote wameona video ileile inayosema ukiumizwa na chanjo unajaza fomu na kulipwa.

Fomu hiyo ni ya Marekani, jamani. Wana mfuko uliotokana na sheria ya mwaka 1986, unaotunishwa na kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa ambao dozi inaukinga, na jeraha la bega la sindano liliingizwa mwaka 2017 kwenye jedwali lao la madhara yanayolipwa. Hata huko maumivu lazima yaanze ndani ya saa 48, na kwa kawaida yadumu zaidi ya miezi 6. Hapa Mtwara unadai kwa msingi wa uzembe wa aliyekuchoma, na kuuthibitisha ni kazi yako.

Uzembe wenyewe haumo kwenye kichupa. Mnaniletea jina la chanjo, mimi nauliza: ulikunja mkono wa shati, au walivuta kola? Kola ikivutwa, sindano hutua juu mno, ikapita msuli na kuingia kwenye kiungo. Mahali pake ni vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Mzee, aliyechomwa ya pepopunda baada ya kujikata na panga, nilipomuuliza wapi, aligusa palepale mfupani. Ndipo nilipochukua kalamu.

Wengine huniambia: "Mkono umeniuma siku mbili." Hiyo ni kawaida, nenda kapalilie.

"Ukidai, unapinga chanjo." Wanangu wamechanjwa zote.

"Nina miaka 3 ya kufungua kesi, nitakuja korosho zikiisha." Ukiidai zahanati ya serikali, kwanza unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha Mahakama Kuu. Nawe huku unasubiri mnada, muuguzi kahamishwa.

Kila mara nasema, na nitasema tena: rudi kwa daktari mapema, aandike mkono upi, tarehe ipi, unainuka hadi wapi. Daftari la matibabu liweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya shamba.

Mzee nimemrudisha akalitafute la kwake. Mara ya mwisho, anasema, mjukuu alikuwa analichorachora.